Mjusi wa Kimboza na Mkadi Wake

Jumapili moja mpwa wangu anayesoma Ujerumani alinitumia picha ya mjusi. Mgongo buluu tupu, buluu ya bahari ya Mafia saa sita mchana. Koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Akaandika chini yake: "Mjomba, huyu ni wa kwetu Morogoro, na huku watu wanamfuga sebuleni. Nataka kumchukua mmoja." Nilimpigia simu papo hapo. Tulizungumza karibu saa nzima, na kila nilipoweka pingamizi alikuwa na jibu tayari. Majibu hayo hakuyatunga yeye. Nimeyasikia kwa wengi wanaopenda wanyama kwa dhati, na ndiyo maana nayajibu hapa moja baada ya jingine. Mjusi huyu nampenda, na mpwa wangu nampenda zaidi.

Nianze na mwenyewe anayezungumzwa. Wataalamu wanamwita Lygodactylus williamsi, na maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa na Arthur Loveridge mwaka 1952. Toka pua hadi ncha ya mkia ana sentimita tano hadi nane hivi, yaani hazidi kidole chako kirefu kwa mengi. Si kama mjusi kafiri wa ukutani anayesubiri taa iwashwe; huyu hutembea mchana na kuota jua. Ile buluu ni ya dume mzima. Jike na watoto ni kijani chenye shaba shaba. Ncha ya mkia wake, upande wa chini, ina vigandishi kama vile vya vidoleni, kwa hiyo hushika jani kwa miguu minne na mkia juu yake. Duniani kote anapatikana porini mahali pamoja tu: msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, ukiwamo ule wa Ruvu.

Dai la kwanza la mpwa wangu lilikuwa hili: "Porini wako tele, mjomba. Waliofika wanasema ukisimama chini ya mti wake huchukui dakika hujamwona."

Ni kweli humwona upesi, lakini wingi chini ya mti mmoja si wingi wa nchi nzima. Kimboza ina hekta zipatazo 400, ambazo ni kilomita nne za mraba. Kuna mashamba ya mkonge makubwa kuliko hapo. Na tunayo hesabu ya kilichotokea biashara ilipoanza. Watafiti waliofuatilia jambo hili walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa msituni mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Hiyo ilikuwa si chini ya asilimia 15 ya mijusi wote wa aina hii waliokuwepo porini wakati huo. Kundi moja, kwa miaka isiyotimia mitano. Na karibu kila mnunuzi wa mwisho, nina hakika, alijiambia kama alivyoniambia mpwa wangu: namchukua mmoja tu. Mwaka 2012 mjusi huyu akaingia katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hatua moja kabla ya kusemwa porini hayupo tena.

"Lakini kukamata mjusi si kukata msitu," akasema. Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wasiofika kule wanapokosea bila kujua.

Wanawake wa pwani wanaujua mkadi. Ua lake, kadi, hutiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, na harufu yake inabaki nguoni hadi kesho yake. Mkadi wa Kimboza ni ndugu wa huo. Jina lake la kisayansi, Pandanus rabaiensis, limetokana na Rabai ya karibu na Mombasa. Huota juu ya mawe ya chokaa yaliyochomoza msituni, na majani yake ni marefu kama mapanga, yana miiba pembeni, yamejipanga kuzunguka shina kama ngazi ya mnara. Maji ya mvua hukusanyika kwenye makwapa ya majani hayo, wadudu hufuata maji, na mjusi hufuata wadudu. Dume mmoja huushika mti wake akakaa na majike na watoto, akawafukuza madume wengine. Mayai hugandishwa humo humo. Chakula, maji, ulinzi na wodi ya wazazi vyote vimo ndani ya mti mmoja. Kwa mjusi huyu mkadi ndio mji.

Sasa mkamataji amefika chini. Mjusi yuko juu, katikati ya miiba, na ana wepesi wa kujificha kwenye kwapa la jani ambako mkono haupiti. Njia ya haraka ni panga. Mkadi unaangushwa, mijusi wanaokotwa kwenye majani yaliyolala chini, mti unaachwa uoze. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikifanyika Kimboza. Kila dume aliyesafirishwa kwa njia hiyo alibomolewa nyumba ambayo watoto wake nao wangeirithi, na mkadi haukui kwa msimu mmoja kama mihogo. Juu ya hayo msitu una maadui wengine: moto unaovuka kutoka mashambani, ukataji wa miti, na sedrela, mti wa mbao ulioletwa kutoka Amerika ya joto ukapandwa, kisha ukaanza kujipanda wenyewe na kuwasonga wenyeji. Msitu uliokwisha kubanwa hivyo hauna cha ziada cha kuuza.

Dai la tatu ndilo zito, na sitaki kulipita juu juu. "Huyu ninayemtaka hajawahi kuuona msitu, mjomba. Amezaliwa kizimbani hapa hapa Ujerumani, hata wazazi wake pia."

Inawezekana kabisa. Mjusi huyu huzaa kizimbani bila taabu kubwa akitunzwa vizuri. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili, akayagandisha mahali palipojificha, na watoto hutoka baada ya miezi miwili au mitatu. Wapo Ulaya wafugaji wenye uangalifu ambao wamewazalisha kizazi baada ya kizazi, na mtu anayenunua kwao kwa hati halali havunji sheria yoyote. Nakubali hilo bila kinyongo. Ninachokataa ni neno "amezaliwa kizimbani" kutosha peke yake. Miaka ile ya mwanzo maelfu walitoka porini, na mjusi hana chapa sikioni kama ng'ombe. Ukiwaweka wawili kwenye meza, aliyezaliwa kwenye kioo na aliyeokotwa kwenye mkadi ulioangushwa, macho yako hayatakwambia yupi ni yupi. Muuzaji anayetaka kuficha ana neno moja tu la kusema, na mnunuzi anatamani kuliamini. Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu: umeonyeshwa cheti? Akanyamaza kidogo. Akasema muuzaji amemwambia kwa mjusi mdogo namna hiyo hakuna anayehangaika na makaratasi.

Hilo likawa dai la nne, kwamba sheria ni za tembo na faru. Katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, Tanzania pamoja na Umoja wa Ulaya zilipendekeza mjusi huyu awekwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na likapita. Kuanzia Januari 2017 amekaa kwenye orodha ileile alimo tembo wa Tanzania na kasa wa baharini: biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa. Ndani ya Umoja wa Ulaya, hata aliyezaliwa kizimbani hauzwi bila cheti kinachoeleza asili yake. Na kwa aliyeko nyumbani Tanzania anayefikiri kwenda kujichukulia, Kimboza ni hifadhi ya msitu, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kukaa na mnyama wa porini bila kibali. Muuzaji anayekwambia karatasi si muhimu amekwisha kukueleza jambo kuhusu mijusi wake.

"Basi hata kama ni hivyo," mpwa wangu hakukata tamaa, "tukimfuga huku tunamwokoa. Msitu ukiisha, wetu watakuwa akiba."

Maneno haya yanatoka moyoni, nayajibu kwa heshima. Mjusi wa sebuleni hawezi kurudishwa Kimboza kwa kufungua dirisha. Amekaa karibu na wanyama wa mabara mengine, pengine amebeba vimelea ambavyo ndugu zake wa porini hawajawahi kukutana navyo. Ukoo wake haujulikani, pengine wazazi wake walikuwa ndugu wa tumbo moja. Akiba ya kweli hutunzwa kwa daftari la nasaba, na taasisi zinazowasiliana na nchi anakotoka. Na hata akiba hiyo itamrudisha mjusi wapi, kama mkadi hakuna?

Kuhusu utunzaji mpwa wangu alikuwa na wepesi ulionitia wasiwasi zaidi ya yote: mdogo hivi, kopo la kioo na wadudu wawili watatu kwa siku, basi. Mwili mdogo hupoteza maji haraka na hupata joto na baridi haraka, kwa hiyo kosa dogo kwake ni kubwa. Anahitaji kizimba kilichosimama, si kilicholala, chenye vigogo vya mianzi na mimea ya majani magumu ya kupanda. Anahitaji mahali pa kuotea joto panapofika nyuzi 30 na kidogo, na upande mwingine wenye ubaridi wa kukimbilia. Majani yanyunyiziwe maji kila siku, maana hunywa matone. Kisha kuna taa ya mionzi ya urujuanimno. Mjusi wa mchana hutengeneza vitamini D3 kwa mionzi hiyo, na bila D3 mwili haushiki kalisi hata ukimlisha nyenje waliopakwa unga wake. Matokeo ni matege: taya linalegea, miguu inapinda, uti wa mgongo unakunjamana. Jike anayetaga huumia kwanza, kwa sababu kalisi ya maganda ya mayai inatoka mwilini mwake mwenyewe. Jike mwenye afya huonekana kabisa vifuko vyeupe vya kalisi shingoni. Madume wawili hawakai pamoja. Na akiwa na hofu, ile buluu iliyokufanya umpende hufifia akawa wa kijivu cheusi. Watu wengi hununua rangi, wakaishia kutazama hofu.

Siku ya pili yake dada yangu, mama wa kijana, naye akanipigia akiwa upande wangu, lakini kwa sababu zisizo sahihi. Yeye alitaka nimzuie mwanawe kwa kuwa mjusi ana sumu na mate yake huleta ukoma. Sikuweza kumkubalia hata kama lingenisaidia. Hakuna mjusi wa jamii hii, wa ukutani wala wa Kimboza, mwenye sumu. Ukoma huletwa na bakteria, na haupatikani kwa mjusi kupita kwenye sufuria. Hatari iliyopo ni salmonela, ambayo watambaao wengi huibeba tumboni bila wao kuugua. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Kinga yake ni sabuni na maji baada ya kumshika au kusafisha kizimba, na kizimba hicho kisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Limebaki dai ambalo mpwa wangu alilitoa kwa uchungu, na nadhani ndilo alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo: kwamba katazo linawanyima vijana wa vijijini kipato, na sisi tuliokwisha kula ndio tunaohubiri uhifadhi. Umaskini wa vijiji vya kandokando ya Uluguru sitaukana. Lakini biashara ya wanyama hai humlipa mtu wa msituni kipande kidogo kabisa cha bei, kisha faida inakua kadiri mjusi anavyokwenda mbali. Kijana wa Matombo alilipwa mara moja kwa mjusi, na hakuna aliyemlipa kwa mti. Aliyezalisha mijusi hao Ulaya ameendelea kuuza watoto wa watoto wao, na hakuna senti inayorudi Morogoro. Kama kuna haki ya kudai hapa, na naamini ipo, ni fungu la kijiji katika utalii, utafiti na utunzaji wa msitu wenyewe. Msitu huo unashika maji ya mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam inayanywa kila siku.

Tulimaliza simu bila ugomvi. Nilimwambia kama shauku yake ni kumtunza mjusi, amtafute yule mwenye madoa ya chui, ambaye asili yake ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India, na ambaye amezalishwa vizimbani kwa miongo mingi kiasi kwamba hakuna haja ya kumgusa wa porini. Hakwei kioo, ana kope za kufumba macho, hustahimili makosa ya mfugaji anayeanza. Ila anataka joto linalotoka chini ya kizimba, shimo lenye unyevu la kujivulia gamba, na mtu atakayekuwa naye miaka 15 au zaidi. "Huo ni mkataba mrefu, mjomba," akasema.

Juzi amenitumia picha nyingine. Kizimba cha kioo, mchanga hamna, karatasi safi chini, shimo pembeni, kipimajoto kinasoma nyuzi 31. Ndani hamna kitu. Amesema atakiwasha hivyo wiki mbili aone kama joto linatulia usiku na mchana, halafu ndipo aende kwa mfugaji.