Mzee, Hiyo Siyo Historia
Na Bi. Kiroboto

Jumanne nilialikwa kwenye kongamano la historia, nikaenda kwa sababu kadi iliahidi chakula cha mchana. Mnanijua, sijifichi. Itifaki peke yake ilikula dakika arobaini. Mwongoza mjadala, kijana wa suti ya kubana na kiatu bila soksi, alitambulisha wageni mpaka fundi wa jenereta. Ukutani nyuma yake aliangaza picha ya Howard Zinn, yule profesa wa Marekani, akatuambia huyo ndiye mfano wa historia ya wananchi wa kawaida. Tukapiga makofi.

Kisha akasimama mzee mmoja kiti cha nyuma kabisa. Alipigana Vita vya Kagera. Hakutaja jenerali wala tarehe. Alisema katika kijiji kimoja alikuta sufuria ya ndizi juu ya mafiga, majivu yamepoa, ndizi zimeota ukungu, wenyewe hawapo. "Mpaka leo najiuliza wale watu walik..."

"Shikamoo mzee wangu," kijana akamkata. "Tunashukuru kwa simulizi, ila hapa tunazungumza historia."

Maiki ikachukuliwa. Mzee akakaa, akawa anakunja karatasi ya ratiba, akaikunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama tembe ya panadol.

Pilau ilinishinda. Nikaacha hadi nyama. Shemeji alipopata habari alitaka nikapimwe malaria.

Sasa huyo Zinn wa ukutani alikuwa nani kama si mzee wa kiti cha nyuma? Mtoto wa wahamiaji maskini wa Brooklyn, kibarua wa kiwanda cha meli. Mwaka 1943 akaingia jeshi la anga, kazi yake kulenga mabomu akiwa ndani ya B-17. Aprili 1945, vita Ulaya vimebakiza wiki chache tu, kikosi chake kikamwaga mabomu ya moto ya napalmu juu ya Royan, mji wa pwani ya Ufaransa. Kutoka kule juu hakuona mtu wala hakusikia kilio. Akarudi kwao, serikali ikamsomesha kama askari aliyetoka vitani, na usiku akipakia malori ghalani, mpaka akapata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1966 alikuwa Royan tena, safari hii kwa miguu, akichimbua yaliyowapata waliokuwa chini ya ndege yake. Ni swali lile lile la sufuria ya ndizi.

Na yeye walimnyang'anya maiki. Spelman, chuo cha wasichana weusi kule Atlanta alikomfundisha mwandishi Alice Walker, kilimfukuza 1963 kwa kusimama na wanafunzi wake dhidi ya ubaguzi. Akahamia Boston, na 1980 akatoa kitabu cha historia ya Marekani kinachoanzia kwa walioonewa.

Sisi historia tumeifanya ya kujibia mtihani, basi. Asiye na slaidi hana alichokiona.

Jioni nilimkuta mzee kituoni akisubiri daladala. Posho hakusaini; jina lake halikuwemo kwenye orodha. La Zinn nalo halikuwemo, lakini yeye ana udhuru: alifariki 2010.