Tovuti ya Kaunti Si Ukuta wa Picha



Sisi watu wa reli twajua kazi ya ubao wa stesheni: msafiri husoma saa za gari na nauli, hatazami picha ya stesheni masta. Basi mbona tovuti za kaunti zajaa picha za wakubwa wakikata utepe? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali; kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha rasmi. Twataka bajeti, zabuni na majina ya walioshinda, ada za soko na leseni, tena kwa Kiswahili. Asiye na simu ya intaneti abandikiwe karatasi hizo sokoni. Fedha ni zetu; hesabu tuisome wenyewe.