Beringi za nyuma: badilisha mwenyewe, tena zote

Testi zimeisha, bumu limechungulia, na hapa nyuma ya hosteli pikipiki zimekuwa nyingi kuliko viti vya kantini. Kwa hiyo leo siasa tuziweke pembeni. Naongelea beringi za gurudumu la nyuma, maana naona watu wanachezea roho zao na za wenzao kwa kitu ambacho bei yake ni kama sahani moja au mbili za chipsi kuku.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: kazi hii ifanye mwenyewe nyumbani. Usimwachie fundi wa kijiweni pikipiki halafu ukakimbilia lekcha. Siyo kwamba fundi hajui, anajua kuliko mimi na wewe. Ila fundi ana pikipiki nne zinamsubiri, na kazi ya beringi haitaki ujuzi mkubwa, inataka utulivu. Jumamosi asubuhi wewe unao huo utulivu, yeye hana.

Tuanze na kujua kama zimekufa. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja uvute, mwingine usukume. Likicheza kushoto na kulia hata kidogo, kuna jambo. Lakini tazama vizuri: kama foki nzima ya nyuma inacheza pamoja na gurudumu, hiyo ni bushi ya foki, si beringi. Ukishalitoa gurudumu, ingiza kidole kwenye tundu la beringi uizungushe polepole. Ikisaga kama ina mchanga ndani, imekwisha hiyo.

Kuna jamaa wataniambia "mbona inatembea tu?" Inatembea, ndiyo. Ila gurudumu likilala upande, sproketi inatoka kwenye mstari wa cheni, na cheni ikiruka ikajikunja pale nyuma, gurudumu linafunga ghafla. Sasa fikiria hiyo itokee unateremka toka Mlimani kwenda Ubungo, umempakia mtoto wa watu, na daladala iko nyuma yako.

Na nyie watu wa mekanika ndio mnanishangaza zaidi. Mmekokotoa L10 mpaka mkachoka: maisha ya beringi ya gololi yanashuka kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, maisha yanabaki moja ya nane. Haya, pikipiki na dereva peke yake, gurudumu la nyuma linabeba kama kilo 100 hivi. Piga mshkaki, watu wawili wa kilo 60, ambao uzito wao karibu wote unakaa nyuma. Umeshavuka mara mbili. Hesabu mnayo kwenye daftari, halafu jioni mnapakizana watatu kwenda Sinza! Tena ile fomula inachukulia beringi safi yenye mafuta yake. Za kwetu nyingi haziui mzigo, zinauliwa na maji. Ile mashine ya kuoshea yenye presha, ukiielekeza kwenye ekseli, maji yanapenya sili, grisi inageuka uji, kutu inafuata.

Sasa nije kwenye yale ya kijiweni yanayonikera. La kwanza ni kufungua kifuniko cha beringi iliyokufa, kushindilia grisi na kuirudisha. Grisi haijazi chuma kilicholika. Itanyamaza wiki mbili, basi. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: kuigonga beringi mpya kwenye ringi ya ndani. Beringi inabana kwenye kitovu cha gurudumu kwa ringi ya nje. Ukigonga ya ndani, kishindo chote kinapita kwenye gololi na kuchimba vishimo vidogo kwenye njia yake. Umenunua mpya, umeiua kabla haijatembea mita moja, halafu mwezi ujao unalaumu duka.

Nyumbani unafanya hivi. Toa gurudumu, toa sahani ya breki na kibebeo cha sproketi, bandua sili. Katikati ya beringi mbili kuna bomba dogo, spesa. Lisukume pembeni kidogo uone ukingo wa beringi ya upande wa pili, weka kipande cha nondo chenye ncha bapa, gonga kidogo huku, kidogo kule, itoke imenyooka. Hapa unagonga ringi ya ndani kwa kuwa huna njia nyingine, na ndiyo maana beringi iliyotolewa hivyo hairudishwi hata kama ilionekana nzima. Zibadilishe zote kwa pamoja. Pikipiki nyingi za 125 na 150 tunazopanda huku zina ya tatu kwenye kibebeo cha sproketi, na watu wanaisahau hiyo kila siku.

Kuingiza mpya, siri ni joto na baridi. Beringi zilaze kwenye friza usiku kucha zikiwa kwenye mfuko uliofungwa. Kitovu ni alumini, kikipata joto kinatanuka kuliko chuma, hivyo kipashe kwa maji yanayochemka kisha ukikaushe vizuri (wenye majiko ya umeme hosteli, najua mpo, na sitasema kitu). Isukume beringi kwa kutumia ile ya zamani au soketi yenye upana sawa na ringi ya nje. Mlio wa nyundo utabadilika ikifika mwisho. Geuza gurudumu, rudisha spesa, ndipo uweke ya pili, mpaka ringi yake ya ndani iguse spesa. Hapo acha. Ukisahau spesa, siku ya kukaza ekseli utazibana beringi kwa ubavu, na hazitafika mbali.

Kuhusu kununua: nenda na namba, usiende na jina la pikipiki. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi. Mbili za mwisho zinasema tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Kwa hiyo 6202 na 6302 zote zina tundu la 15, ila ya kwanza upana wake wa nje ni 35 na ya pili ni 42. Muuzaji akikuambia "zinaingiliana tu", muulize wapi. Chukua zenye 2RS, yaani raba pande zote mbili. ZZ ni kifuniko cha bati, kwa vumbi na matope yetu haitoshi. Majina makubwa kama SKF na NSK yanaigizwa sana, kwa hiyo boksi zuri lisikudanganye.

Wakati wa kurudisha, kile chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke kifungwe kwanza, na kotapini yake iwepo. Kikiachwa, siku utakayokanyaga breki sahani nzima itazunguka na gurudumu. Hapo nakuomba ukague mara mbili, tena ukiwa huna haraka. Alama za cheni ziwe sawa kushoto na kulia, na grisi isiguse breki shuu.

Kuna mahali ambapo nyumbani hapatoshi. Kama beringi mpya inadumbukia kwenye kitovu kwa mkono tu, kitovu kimelika. Mtakuta mtu anakata kopo la soda na kulizungushia beringi, au anapiga vidoti kwa pachi ili ibane. Nimeona kwa macho yangu. Usikubali. Kipeleke kwa mtu wa mashine ya kukereza, au tafuta kitovu kingine.

Kesho saa tatu asubuhi tunafanya ya mshkaji mmoja, hapa hapa nyuma ya hosteli. Beringi zimelala kwenye friza ya duka la soda, na mwenye duka ameshauliza mara tatu ni dawa gani ile. Mwenye spana ya 19 na nyundo isiyo kubwa sana aje nazo. Chai ipo, vitumbua tutachanga.