Babu wa Simbo kaniumbua!

Jumamosi nilikuwa Simbo, kwenye mambo ya mawese, na nimerudi na aibu.

Basi bwana, mzee mmoja aliyekwishapita miaka 80 kanichukua kunionyesha michikichi yake. Mguu mosi mguu pili, panga mkononi, kilima chote kakimaliza anapiga stori. Mimi wa miaka 33 niko nyuma, nahema. "Mjukuu wangu, unaumwa?" Nikamwambia ni jua tu, babu. Uongo mtupu! Ni kitambi.

Na si kitambi tu. Mwezi uliopita nilipima sukari asubuhi kabla ya chai: 6.4. Kisukari kinaanzia 7. Yaani niko mlangoni.

Soo lenyewe liko hivi. Insulini inatoka kwenye kongosho na kazi yake ni kama konda: inaita sukari iliyozagaa kwenye damu iingie kwenye misuli. Ukinenepa kiunoni, ukikaa sana, na umri nao ukisogea, misuli inakuwa kiziwi. Konda anapiga kelele zaidi na zaidi, miaka inapita, vipimo vinaonekana safi tu, kumbe kongosho linachoka. Mwaka 1996 wataalamu wa Italia waliwapima watu wenye afya waliofikisha miaka 100. Insulini yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya wazee waliozidi 75! Wale misuli yao bado inasikia.

Hapa kwetu je? Mwaka 1989 Profesa McLarty na wenzake walitoa utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata 1 kwa kila watu 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2012, kwa wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9. Najua waliopimwa si wale wale, lakini jamani!

Wajanja watasema babu anaponywa na mawese. Thubutu. Mafuta ni mafuta. Siri ni kile kilima: msuli unaofanya kazi unavuta sukari hata bila kuitwa na konda, na baada ya hapo usikivu wake unapanda.

Kwa hiyo kesho bodaboda basi. Natoka Mwanga hadi Ujiji kwa miguu. Mkinikuta nimekaa chini ya mwembe, tafadhali msinipigie honi.