DENI LA MWANACHAMA SI SIRI YA CHAMA



Haya ni maoni yangu mimi Katibu wenu, si azimio la kikao. Mwenye kupinga anijibu, nitasoma.

Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Anamdai kiongozi wetu mmoja shilingi 1,850,000, za mchele, mafuta na sukari alivyochukua dukani kwake kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Amekuja ofisini mara nne. Mara ya mwisho alikuta viongozi wawili wakamwambia, "Mama, usikimbilie mahakamani, utakiaibisha chama." Nilikuwepo, nikanyamaza. Sikufanya vizuri, ndiyo maana naandika.

Chama hakikukopa mchele. Mgogoro wa uchaguzi wa ndani una vikao vyake na ngazi zake za rufaa, lakini deni la dukani halina kikao. Ofisi ya tawi haiwezi kumlazimisha mtu kulipa hata shilingi mia. Kila tunapomwambia mama "subiri tuongee naye", tunamsaidia mdaiwa, maana sheria ya ukomo inahesabu. Kwa jumla madai ya mkataba yana miaka 6, ya ardhi miaka 12, na fidia ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3 tu.

Wengine hukimbilia polisi. Kukopa na kushindwa kulipa ni madai, si jinai. Mdaiwa akilala mahabusu siku mbili, akitoka deni liko palepale. Polisi wapelekeeni wizi na utapeli.

Deni kama hili ni la Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Unakwenda kwa karani wa mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa, unaeleza unamdai nani, kiasi gani na kwa sababu gani. Usiyejua kuandika, unaeleza kwa mdomo na maelezo yako yanaandikwa. Unalipa ada kwa namba ya malipo unayopewa pale. Usimpe mtu fedha mkononi, na risiti itunze. Mdaiwa anapelekewa samansa. Akikubali deni, mambo ni mafupi. Akikana, mnaleta ushahidi. Kila kitu ni kwa Kiswahili, na wengi huendesha mashauri yao pale bila wakili. Anayeogopa amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani. Wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Sasa niseme la fani yangu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezea haki. Nilikaa na mama na daftari lake jioni nzima. Pameandikwa "Mzee, mchele", bila kilo, bila tarehe. Kurasa nyingine zina kila kitu na saini yake. Kati ya 1,850,000, yanayosomeka vizuri ni 1,240,000. Hizo 610,000 zilizobaki zinategemea mashahidi na kama hakimu atamwamini mama. Ndugu zangu, ukimkopesha mtu andika tarehe, kitu, kiasi, bei, na asaini hapohapo, hata akiwa shemeji yako. Ujumbe wa simu wa "nitakulipa mwisho wa mwezi" usiufute. Muamala wa simu nao ni ushahidi.

Na ukishinda usikae nyumbani ukisubiri fedha. Mdaiwa asipolipa, rudi mahakamani uombe kukazia hukumu, ili mali yake ikamatwe na kuuzwa. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Wenye migogoro ya viwanja, njia yenu ni nyingine. Anzeni Baraza la Kata kwa usuluhishi. Baraza hilo siku hizi halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na wale mnaotaka kuishtaki serikali ya kijiji au halmashauri, hilo si la Mahakama ya Mwanzo. Kuna notisi ya siku 90 kwanza, na shauri huenda Mahakama Kuu. Hapo tafuteni mwanasheria mapema.

Kiongozi anayedaiwa nimemwambia haya yote ana kwa ana kabla ya kutuma ujumbe huu. Hakufurahi. Mama anakwenda kwa karani Jumatatu asubuhi. Mwezi wa tatu kiongozi huyo alikiri deni mbele yangu ofisini akaomba muda, kwa hiyo mama akiniita shahidi, nitakwenda.

Katibu wa Tawi