Aulizwe Anayengoja Dirishani

Msomaji, je, umepata kufuatana na mzazi wako hadi afisi ya serikali kutafuta cheti cha kuzaliwa? Ikiwa umepata, basi unayo elimu isiyomo vitabuni. Umeona foleni ndefu mbele ya dirisha moja, na karani wa dirisha la pili ameketi tu, kwa kuwa hiyo si kazi yake. Umemsikia mzee aliyeondoka kwao alfajiri akiambiwa arudi kesho, kwa sababu mwenye kutia sahihi amehamishwa, na wa kushika mahali pake hajaletwa.

Sasa, serikali inapotaka kuchunguza jinsi watumishi wake wanavyoajiriwa, wanavyogawiwa kazi, wanavyopandishwa vyeo na kuhamishwa, ni nani aulizwe? Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya ndani, waulizwe wakuu wa idara na wataalamu peke yao. Nami nasema, la hasha! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu wa idara husoma taarifa kivulini. Mzee yule husimama juani.

Wala usidhani kwamba ripoti juu ya watumishi huwahusu watumishi tu. Mwaka 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, iliyochunguza muundo na mishahara ya utumishi wa serikali nchini Kenya, ilikubali kwamba mtumishi wa serikali aweza kuwa na biashara yake mwenyewe. Kwa juu juu, hilo lilikuwa jambo la mtu na mfuko wake. Lakini fikiri: mtu awezaye kuwa mtoaji wa leseni asubuhi na mwenye duka jioni, siku faida ya duka lake itakapopingana na haki ya mwombaji wa leseni, ni nani atakayeumia? Ni yule aliye nje ya dirisha.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelikata shauri hili. Ibara ya 10 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Ibara ya 232 inataka watu washirikishwe utumishi wa umma unapotunga sera zake. Kwa hiyo kumwuliza raia si hisani, ni deni.

Watajibu kwamba raia hajui hesabu za mishahara wala kanuni za kuajiri. Yamkini hajui, lakini siyo aulizwayo. Aulizwe alingoja siku ngapi, na alitakiwa kutoa nini kisichoandikwa katika orodha ya ada. Tabibu ndiye ajuaye dawa, lakini humwuliza mgonjwa panapouma. Na karani naye aulizwe, kwani huenda tunamwita mvivu mtu aliyebebeshwa kazi ya watu watatu.

Ila kuuliza kuna namna yake. Tangazo likibandikwa leo, mkutano ukafanywa kesho katika mji wa mbali, na maswali yakaandikwa kwa Kiingereza kitupu, ilhali Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7, huko si kuuliza. Huko ni kutafuta sahihi za watu chini ya neno lililokwisha kuamuliwa.

Nawe, msomaji, usijione mdogo. Sisi tuna kasoro moja: njiani twalalamika, barazani twanyamaza. Siku wachunguzi watakapokuja kwenu, keti na mzazi wako, umsaidie kuandika tarehe, afisi, na jambo lililotokea, bila chumvi wala matusi. Lawama tupu huchukuliwa na upepo. Habari iliyoandikwa sawasawa humlazimu mkuu kuijibu. Na kama hawakuja, waandikie wewe, uwaulize kwa nini hawakuja.