Ini safi, lakini utandoni je?
Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri vipimo vya saratani, ila skani ya CT umeisifu mno. Shemeji yangu alipimwa hapa Stockholm: picha zikaonyesha uvimbe tumboni na tezi mbili tatu zilizovimba, ini safi. Tukashangilia. Daktari akasema bado, lazima waingize kamera kwa tundu dogo karibu na kitovu, maana punje ndogo za saratani kwenye utando wa tumbo mara nyingi hazionekani pichani. (Na ni mji huuhuu uliowatunuku Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na Hounsfield Nobeli ya 1979 kwa skani ya CT!) Kamera ikazikuta. Upasuaji ukaachwa, akaanzishiwa dawa. Je, huko Dar wagonjwa hupimwa kwa kamera hiyo kabla ya kupasuliwa?